UGANGA WA KUUNGA USIMNYIME MHUNZI KAZI

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye ngao. Ngao isiyokuwapo, ya maneno na karatasi tu, lakini iliwatenganisha marafiki kwa majuma matatu. Na mwenye makosa nilikuwa mimi. Basi niruhusu nitoe maoni yangu.

Wengi mmetuona Jumamosi jioni tumezunguka meza, tukirusha dadu na kupiga kelele. Mchezo huo ni Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka 1974. Mmoja wetu huwa mtambaji: hutusimulia tuliko na yanayotupata. Sisi wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu yenye pande 20 huamua kama jaribio lake limefaulu. Wapo wanaosikia neno "uchawi" wakashtuka. Jamani, uchawi huu uko karatasini tu, kama ule wa hekaya za majini. Haumdhuru hata nzi.

Sasa, katika kitabu cha kanuni kuna uganga uitwao Mending, yaani kuunga. Kikombe kimepasuka, mnyororo umekatika, joho limeraruka: mganga hushika vipande viwili vya sumaku, hufanya uganga wake kwa dakika moja, na kitu kikawa kizima hata alama isionekane. Halipi chochote, na anaweza kurudia mara apendazo kwa siku.

Mganga wa kikundi chetu ni mimi. Mwenzetu mmoja, mtu mpole asiyesema sana, alichagua kuwa mhunzi. Zana zake zote alikuwa ameziorodhesha kwa mwandiko safi: nyundo, koleo, tupa. Siku hiyo jitu likaipiga ngao yetu ya chuma, ikapasuka ufa wa futi mbili. Mhunzi akasimama, macho yanameta, akasema, "Tafuteni makaa, hii ni kazi yangu." Kabla hajamaliza nikadakia, "Ya nini kujisumbua? Naunga nusu ya juu, kisha nusu ya chini. Kwisha!" Mtambaji akakubali, wenzangu wakacheka. Mwenzetu akakunja karatasi yake akaenda zake.

Baadaye nilikisoma kitabu upya nikaona aibu. Kanuni iliyochapishwa mwaka 2014 inasema wazi: uganga huu huunga ufa mmoja tu, usiozidi futi moja. Ufa wetu ulikuwa mmoja wa futi mbili, na ufa si mkate, haukatwi vipande. Isitoshe, dakika moja si kitu kidogo. Katika mapigano, raundi moja ni sekunde 6, kwa hivyo dakika ni raundi kumi. Jitu gani litakungoja raundi kumi ushone ngao?

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Katika kitabu cha mwaka 1978, kuunga kulikuwa uganga wa daraja la kwanza, na mganga mchanga aliweza kufanya uganga mmoja tu kwa siku. Akiunga chungu asubuhi, jioni hana kitu cha kumtetea. Ilibidi afikiri: chungu au roho yangu? Siku hizi hatufikiri. Tunasema "naunga" kama mtu anavyopiga chafya.

Wapo watakaoniambia, "Aisee, mchezo ni mchezo. Nani anataka kuhesabu misumari usiku kucha?" Mgala muue na haki yake mpe. Mimi pia sitaki kuhesabu misumari. Kamba ikikatika, mganga aiunge safari iendelee. Lakini kama kila kitu kinaungwa bure, basi hakuna kinachovunjika kweli, na kisichovunjika hakuna anayekitunza. Hadithi inapoa. Tena mchezo huu ni wa watu wengi mezani. Kila mhusika alichaguliwa na mtu, na mtu huyo anangoja zamu yake afae kitu. Nilipounga ile ngao sikuokoa muda wowote. Nilimpora mwenzangu zamu yake.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mtambaji asiruhusu uganga kupita kipimo chake: ufa mmoja, futi moja, dakika moja. Pili, avitumie vile vitu ambavyo uganga hauviwezi. Yuko mnyama mmoja anayegeuza chuma kuwa kutu. Upanga wa kawaida kila unapompiga huzidi kudhoofika mpaka ukaisha. Hapo ufa wa kuunga uko wapi? Na kitu cha kichawi kikivunjika, kuunga hurudisha umbo lake tu, uchawi wake haurudi. Hizo ni kazi za kutafutiwa fundi. Tatu, na hili ndilo kubwa, penye mhunzi mganga aulize kwanza: "Ndugu, hii utaiweza, au nikusaidie?"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiangalia vizuri, uganga wa kuunga ni methali hiyo hiyo: unaziba ufa, haujengi ukuta. Ukuta unataka mafundi, jasho na watu kusaidiana.

Mimi ufa wangu na mwenzangu sikuuziba mapema. Nilingoja majuma matatu ndipo nikamfuata bwenini nikamwomba radhi, na hakuna sumaku iliyonisaidia. Alirudi mezani Jumamosi iliyofuata. Mtambaji alikubali kuirudisha ngao ilivyokuwa, imepasuka. Mhunzi akaomba makaa, akarusha dadu, akapata 17. Ngao ilitengenezeka, ikabaki na kovu katikati, na hakuna anayetaka kuliondoa.