Kebo Ipi? Rai Kuhusu Istilahi za Historia ya Tramu

Katika Kiswahili cha leo, neno kebo humjia msomaji kwa maana ya waya mnene unaopitisha umeme au mawasiliano. Maana hiyo imekwisha kuota mizizi. Kwa hiyo, mfasiri wa historia ya usafiri anapoandika "tramu ya kebo", msomaji ana haki ya kudhani kwamba anasimuliwa habari za gari liendalo kwa umeme. Dhana hiyo ni kinyume cha ukweli, na kosa lenyewe si dogo.

Tuchukue mfano wa Douglas, mji wa pwani katika Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland. Mwaka 1876 zilianza huko tramu za farasi kandokando ya ufuko. Mwaka 1893 ilifunguliwa njia ya umeme kutoka mwisho wa ufuko huo kuelekea kaskazini. Kufikia 1899 ilikuwa imefika Ramsey, mwendo wa kilomita 28 hivi. Mwaka 1896 ikaongezwa njia ya tatu, iliyopanda vilima vya mji kisha ikateremka tena ufukoni. Hii haikuendeshwa kwa umeme. Injini ya mvuke iliyokaa mahali pamoja ilizungusha kamba ndefu ya chuma ndani ya mfereji chini ya barabara. Dereva aliibana kamba hiyo kwa koleo ili gari likokotwe, akaiachia na kufunga breki ili lisimame.

Ikumbukwe kwamba hata umeme wa njia ya 1893 ulizalishwa kwa injini za mvuke. Tofauti ya mifumo hii miwili, basi, haikuwa katika chanzo cha nguvu, bali katika namna ya kuifikisha nguvu hiyo kwenye gari: mmoja kwa waya, mwingine kwa kamba. Tofauti hiyo ndiyo inayofutwa na neno kebo. Kamba ilibidi izunguke muda wote wa kazi, magari yawe mengi au machache. Njia yake ilifungwa mwaka 1929, ilhali ile ya umeme ingali ikitumika, na farasi nao waliendelea kukokota miaka mingi baada ya kamba kutoweka. Msomaji aliyepotoshwa na istilahi hawezi hata kuuliza kwa nini.

Yuko atakayesema kwamba kebo ni neno la kimataifa na hupunguza kazi ya mfasiri. Hoja hiyo ina uzito katika uhandisi wa umeme. Katika historia hii haina. Wengine watahofu kwamba kamba itadhaniwa kuwa ya katani. Hofu hiyo huondolewa na sentensi moja ya maelezo, lakini upotoshaji wa kebo hauonekani, hivyo hakuna anayeusahihisha.

Kwa maoni yetu, tuseme tramu ya farasi, tramu ya kamba na tramu ya umeme. Kila jina litataja kile kinacholiendesha gari, na lugha itakuwa imeitendea haki historia.