Kovu la sikio halimalizwi na kisu pekee

Msichana akitogwa masikio hapa Thika, kidonda kikapona, kisha ndewe ikaanza kuota nundu ngumu yenye kung'aa na kuwasha, shauri la kwanza apewalo na jamaa na majirani ni kwenda kukatwa. Hukatwa, akafurahi. Baada ya miezi kadhaa nundu hurudi, pengine kubwa kuliko ya awali. Nashikilia kwamba tabibu anayekata keloidi ya sikio bila mpango wa tiba ya baadaye humuuzia mgonjwa nafuu ya muda kwa bei ya tiba kamili.

Kovu la kawaida, hata likivimba, hukaa ndani ya mipaka ya jeraha. Keloidi huivuka, ikatambaa kwenye ngozi ambayo sindano haikuigusa. Ndiyo maana tabibu Mfaransa Alibert, mwanzoni mwa karne ya 19, aliipa jina lililotokana na neno la Kiyunani la gando la kaa. Chini ya hadubini huonekana nyuzi nene za kolajeni, zimepangika ovyo, zimetengenezwa na seli ambazo hazikuacha kazi jeraha lilipofungika. Kuikata ni kuzipa seli hizo jeraha jipya, tena kubwa kuliko tundu la herini. Tafiti zaonyesha kwamba ikikatwa bila tiba nyingine hurejea kwa wagonjwa 45 hadi 100 katika kila 100.

Tiba ya kuandamana na kisu ipo: sindano za steroidi ndani ya kovu, kwa awamu za kila baada ya wiki kadhaa, herini maalumu za kubana ndewe, na mionzi mara tu baada ya upasuaji. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, isiyo mbali na Ruiru, ina mitambo ya mionzi, ila sipendekezi mgonjwa wa saratani asukumwe kando kwa ajili ya ndewe. Sindano huwasaidia wengi. Kinachowashinda ni nauli, ruhusa ya mwajiri na ada ya kila ziara, mambo ambayo hawakuelezwa siku ya kwanza. Waelezwe gharama yote kabla ya kisu kushikwa.

Aidha, kipande kilichokatwa kisitupwe. Upo uvimbe adimu wa saratani ya ngozi unaoweza kudhaniwa keloidi, na maabara ndiyo huutofautisha.

Kutoga si ugeni kwetu. Agikuyu waliwatoga watoto kabla ya tohara. Hata hivyo, utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wanaotogwa wakiwa na miaka 11 au zaidi hupatwa na keloidi kwa wingi kuliko wanaotogwa mapema. Hali hii pia hufuata ukoo. Mama mwenye kovu la namna hii kifuani au begani ana haki ya kumkataza bintiye herini za kutoga, hata akiitwa mshamba.