Breki ya Mkono ni Haki ya Aliyeumia Mguu



Mwenzetu mmoja hapa Ngagara aliumia mguu wa kulia kiwandani. Pikipiki yake ikabaki nyumbani, kwa sababu breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu huo. Kutegemea breki ya mbele peke yake ni hatari: penye matope gurudumu la mbele huteleza, na mtu huanguka.

Fundi aliondoa kile chuma kirefu kinachotoka kwenye pedali. Mahali pake akafunga waya wa pikipiki, si wa baiskeli, kutoka gurudumu la nyuma hadi kishikio kidogo chini ya klachi, mkono wa kushoto. Kisha tukajaribu polepole: ukiachia, gurudumu lizunguke bila kukwama, ukibana, lisimame. Breki ya mafuta haifungwi hivyo. Ina vyombo vyake.

Gharama tulilipa sisi wenzake kwa mchango. Si haki! Aliumia akimzalishia mwajiri. Basi mwajiri amrudishie njia ya kufika kazini. INSS hulipa fidia ya ajali za kazini, lakini fidia haikanyagi breki.

Wajumbe, liandikeni jambo hili katika madai yetu. Leo ni mguu wake, kesho ni wako.