Kutafuta Nako Kufundishwe: Faharasa katika Shule ya Msingi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika makala haya tunakusudia kuongeza neno moja juu ya usemi huo. Hata daftari lenyewe, likikosa mpango wa kulitafutia, hupoteza mali iliyoandikwa ndani yake. Wanachuo wanaojiandaa kufundisha katika shule za msingi huelekezwa kwa muda mrefu namna ya kumwezesha mtoto kusoma na kuandika. Namna ya kumwezesha kukipata tena kile kilichokwisha kuandikwa huguswa kidogo sana. Maoni yetu ni kwamba kutafuta ni sehemu ya kusoma, na kwamba mtoto hujifunza kutafuta kwa kutengeneza faharasa kwa mikono yake mwenyewe. Kuamriwa tu "tafuteni" hakumfundishi kitu.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia. Tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya milimani hapa Lushoto, mwanachuo mmoja aligawa kamusi tatu kwa vikundi vya darasa la tano, kisha akaandika ubaoni: "Udongo unamomonyoka mvua inaponyesha." Akawataka watoto watafute maana ya neno la pili. Msichana mmoja alifungua kwenye herufi U, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa kwa uvumilivu mkubwa, mwishoni akasema: "Neno hili halimo, mwalimu." Mwanachuo akamjibu kuwa hakutafuta vizuri. Kumbe alitafuta vizuri mno, ila alitafuta mlango usiokuwapo. Kamusi ilikuwa na "momonyoka" chini ya herufi M, na hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba kitenzi huvuliwa viambishi vyake kabla ya kutafutwa. Kosa halikuwa la mtoto. Kusema kweli halikuwa hata la mwanachuo, kwani sisi wakufunzi tulimfundisha kuandaa azimio la somo, malengo na zana, lakini hatukumwambia kwamba kamusi nayo ina ufunguo wake.

Faharasa ni nini basi? Ni kazi inayofanywa mara moja ili kuokoa kazi itakayofanywa mara nyingi. Chukua mfano wa kitabu kinachotuhusu sisi wa Usambara, yaani Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichochapishwa kwa sehemu tatu kati ya mwaka 1895 na 1907, na kutolewa tena mwaka 1962. Mwalimu wa Historia akitaka kujua kila mahali mji wa Vuga unapotajwa, na asiwe na faharasa, hana budi kusoma kitabu chote. Akitaka kesho yake kujua kila mahali Mbegha anapotajwa, atakisoma chote tena. Lakini akikisoma mara moja tu huku akiandika kila jina kwenye kadi pamoja na namba ya ukurasa, kisha akazipanga kadi hizo kwa alfabeti, maswali yote ya majina yatakayofuata yatajibiwa kwa dakika chache.

Kupanga huko kwa alfabeti kunadharauliwa kwa kuwa kunaonekana kuwa jambo jepesi. Hebu jaribuni darasani na majina ya mahali petu: Magamba, Malindi, Mlalo, Mlola, Mtae. Mtoto aliyefundishwa kutazama herufi ya kwanza pekee atayarundika yote chini ya M, na kazi yake itakuwa imeishia hapo. Ni lazima afike kwenye herufi ya pili, ya tatu, na kwa Mlalo na Mlola ni vivyo hivyo: herufi ya tatu ndiyo inayoyatenganisha. Katika lugha yetu, ambamo maneno mengi huanza kwa m, ki, wa na u, herufi ya kwanza hupambanua machache sana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ugumu wenyewe. Neno la Kiswahili hubeba maana yake katikati. Watunzi wa kamusi walilitambua jambo hili tangu zamani, nao hawakulitatua kwa njia moja. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyakusanya majina yanayotokana na kitenzi chini ya kitenzi hicho, hivyo msomaji wa "lima" alikutana hapo na jamaa zake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilikiweka "kilimo" chini ya K na "lima" chini ya L, kila neno mahali pake. Njia ya kwanza humfaa anayetaka kuona ukoo wa maneno. Njia ya pili humfaa msomaji mwenye haraka ambaye bado hajaujua mzizi. Kwingineko duniani wasomi wa vitabu vitakatifu walikabiliwa na swali hilohilo. Muhammad Fuad Abd al-Baqi wa Misri, katika faharasa yake ya maneno ya Kurani ya mwaka 1945, aliyapanga maneno kwa mizizi yake. Kila faharasa, basi, imetengenezwa kwa kutazamia swali fulani, na anayekuja na swali jingine huondoka mikono mitupu.

Je, kuna faharasa inayoweza kujibu swali la herufi zozote, popote zilipo ndani ya neno? Ipo, na darasa la tano linaweza kuitengeneza. Andikeni ubaoni maneno matatu: kilimo, mlima, elimu. Waagizeni watoto wakate vikadi kutoka kwenye maboksi na majalada ya madaftari yaliyokwisha. Kwa kila neno waandike mikia yake yote, yaani neno zima, kisha neno bila herufi ya kwanza, kisha bila herufi mbili za kwanza, hadi ibaki herufi moja. Kilimo kitatoa kilimo, ilimo, limo, imo, mo, o. Mlima utatoa mikia mitano, na elimu mitano. Jumla ni vikadi 16. Sasa wavipange kwa alfabeti:

a, elimu, ilimo, ima, imo, imu, kilimo, lima, limo, limu, ma, mlima, mo, mu, o, u.

Waulizeni: ni maneno gani yenye herufi "lim" ndani yake? Wataona kwamba lima, limo na limu zimesimama pamoja, bega kwa bega, ingawa katika maneno yenyewe zilikuwa zimefichwa nyuma ya ki, m na e. Jambo lililokuwa katikati ya neno limeletwa mbele, na kilichokuja mbele kinaweza kupangwa.

Kisha wafundisheni kutafuta kwa kugawa nusu. Anayetafuta "mo" asianze kwenye kikadi cha kwanza. Afungue cha nane: ni "lima", nayo hutangulia "mo", kwa hiyo vikadi vyote vya kushoto vinaachwa. Afungue cha kumi na mbili: "mlima", bado hutangulia. Cha kumi na nne: "mu", amepita. Cha kumi na tatu: "mo". Amefungua vikadi vinne tu. Faida ya njia hii huonekana wingi unapoongezeka. Vikadi 1,000 vyahitaji kufunguliwa visivyozidi 10, na vikadi 1,000,000 visivyozidi 20. Mtoto anayejua kugawa kwa mbili anaweza kuyahakikisha haya mwenyewe katika somo la Hisabati.

Tunaambiwa kwamba mambo haya ni ya wataalamu wa kompyuta. Ni kweli wao pia huyatumia. Mwaka 1973 Peter Weiner alieleza namna ya kuipanga mikia ya matini katika umbo la mti, na mwaka 1990 Udi Manber na Gene Myers wakaeleza namna ya kuipanga katika safu moja, kama vile vikadi vyetu. Kompyuta haiandiki mikia yenyewe, kwa maana ingejaa upesi. Huandika namba ya mahali kila mkia unapoanzia, na darasa laweza kufanya vivyo hivyo: kikadi cha "limo" kiandikwe "neno la 1, herufi ya 3". Kwa mipango ya ukoo huu wanasayansi hutafuta vipande vya vinasaba vya binadamu, ambavyo vikiandikwa kwa herufi hufikia takriban bilioni 3. Hata hapo, kugawa nusu hakuzidi mara 32. Kiswahili nacho kina mikusanyiko yake. Chuo Kikuu cha Helsinki, kwa kazi iliyoongozwa na Arvi Hurskainen, kimekusanya matini ya Kiswahili yenye maneno yapatayo milioni 25, ambamo kila neno limeandikiwa umbo lake la msingi, ili anayetafuta "lima" aletewe pia "walilima" na "tunapolima".

Hata hivyo, faharasa ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayompa mwalimu kazi. Vikadi vyetu vimeyaweka pamoja kilimo, mlima na elimu. Tukiendelea vitaleta pia mkulima, mwalimu, ulimi na limau. Je, mlima ni kilimo? Je, mwalimu ni mkulima? Watoto watacheka, na kicheko hicho ni mwanzo wa somo. Waambieni wayagawe maneno hayo kwa maana: mkulima na kilimo upande mmoja, mwalimu na elimu upande mwingine, na mlima, ulimi na limau kila moja mahali pake. Faharasa imewaonyesha herufi zinazofanana, na kuamua kama maana nazo zinafanana ni kazi ya msomaji.

Mpaka wa pili ni tahajia. Mji ule ule huandikwa Vuga na Vugha, mtu yule yule Mbega na Mbegha, lugha ile ile Kisambaa, Kishambaa na Kishambala. Anayetafuta umbo moja hukosa mengine, naye hudhani hayapo. Fundisheni watoto kutafuta kwa herufi zisizobishaniwa, kama vile "Mbeg", ambazo huyashika maumbo yote mawili.

Wako wenzetu wasemao kwamba siku hizi simu hutafuta yote kwa sekunde moja, basi kwa nini kumchosha mtoto kwa vikadi? Tunawajibu hivi. Simu ikiulizwa haikimbii kupekua maandishi yote ya dunia wakati huo. Huenda kwenye faharasa iliyotengenezwa kabla, na kisichoingizwa humo hakipatikani. Masimulizi ya wazee wa Mtae na Bumbuli, majina ya miti katika Kishambaa, habari za mafuriko na njaa ambazo babu huzisimulia jikoni jioni, mengi ya hayo hayajaandikwa popote. Mtoto asiyejua faharasa inavyotengenezwa ataamini kwamba kisichoonekana kwenye kioo cha simu hakipo, kama vile yule msichana alivyoamini kwamba "unamomonyoka" si neno la Kiswahili. Hatari hiyo kwetu ni kubwa kuliko uchache wa simu.

Tunapendekeza jambo moja ambalo mwanachuo anaweza kulianza katika shule yoyote atakayopangiwa. Kila muhula, darasa la tano liandike masimulizi yaliyosikiwa kwa wazee wa kijiji katika daftari moja kubwa la shule, kurasa zikiwa zimetiwa namba. Kwa kila simulizi watoto waandike vikadi vya majina ya watu, mahali, mimea na matukio, wavipange kwa alfabeti ndani ya boksi, na kila jina lenye tahajia mbili liwe na kikadi kinachoelekeza kwenye kingine. Darasa litakalofuata liongeze, lisianze upya. Gharama yake ni daftari, boksi na uangalifu. Na mtihani wake uwe rahisi: mtoto wa darasa la tatu aingie, aulize habari za mti au za mtu, na mwenzake wa darasa la tano ampatie ukurasa kabla hajahesabu hadi mia.

Mwanachuo wetu alirudi katika darasa lile siku iliyofuata. Aliandika "unamomonyoka" kwa herufi kubwa kwenye ukanda wa karatasi, akampa yule msichana mkasi, akamtaka akate herufi moja moja kutoka mwanzo huku akisoma kwa sauti kinachobaki. Alipofika "momonyoka" alisimama mwenyewe, akafungua kamusi kwenye herufi M, akasoma maana mbele ya wenzake. Sisi wakufunzi tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa, nasi tuliandika somo hilo katika madaftari yetu.