'Bien passé' siyo pasi, jamani

Straika mpya Mkongo katoka kwenye vipimo vya afya, anaulizwa kulikuwaje. Anajibu: "Ça s'est bien passé." Mkalimani wa kuokoteza kasikia 'pase', anatuambia jamaa anasifia pasi zake! Kumbe kasema vimekwenda vizuri tu. Wenye Kifaransa chao husema hivyo kwa safari, mtihani, hata upasuaji. Kucheza vizuri ni "on a bien joué". Sasa timu imelala ugenini, mtu kaulizwa habari za safari, jibu linageuzwa kuwa "tumecheza vizuri". Mashabiki wanamzomea kwa kiburi ambacho hakuwa nacho. Lubumbashi, nyumbani kwa TP Mazembe, Kifaransa na Kiswahili vyote vinazungumzwa mtaani. Klabu zinazosajili kutoka Kongo zinakosaje mkalimani?