NISHANI ZA WAFALME SI HESHIMA YETU

Wananchi wa Tarakea, sisi tunaoishi mpakani tuna haki ya kusema juu ya jambo hili. Mpaka huu waliupatania Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wala hakuna mzee wa Rombo aliyeulizwa. (Kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima wetu siku ya kuzaliwa ni hadithi tu, lakini ukweli wenyewe hauna adabu zaidi.) Mwaka uliofuata London ikatoa nishani za kusherehekea miaka 50 ya Malkia huyo katika kiti.

Mwaka 1935 Mfalme George wa Tano alipotimiza miaka 25, nishani za fedha zaidi ya 85,000 zilitolewa katika dola yake yote. Walizipata nani? Maofisa, askari, na waliosifiwa kwa kuitumikia Serikali. Mkulima wa kahawa alipata risiti ya kodi. Mei 1937 mwanawe akatawazwa, nishani nyingine zikaja. Mwaka huohuo wakulima wa Kilimanjaro walipofanya ghasia kuikataa amri ya kuuza kahawa kwa njia moja tu, walicholetewa ni polisi.

Wapo wasemao nishani iliyomo sandukuni ni heshima ya ukoo. Hatumlaumu mjukuu. Aitunze, maana ni ushahidi. Lakini kuitundika ukutani na kujivunia mbele ya wageni, hilo tunalikataa kabisa! Mfalme alikuwa akijihesabia miaka yake mwenyewe, na kifua cha babu akakifanya ubao wa tangazo.

Kama ni kumbukumbu, tunazo. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli na wenzake kule Old Moshi. Mafuvu ya watu wetu yakapelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vimeonyesha mafuvu matatu yana jamaa walio hai hapa nchini. La Meli halikuwamo katika hayo. Mjerumani alichukua vichwa, Mwingereza akaleta utepe wa kuvaa kifuani. Nani kati yao alituuliza?

Tunawataka viongozi wetu wayadai mafuvu hayo bila kuona haya, na la Meli litafutwe mpaka lionekane. Siku yatakapofika Moshi, sisi wa Tarakea tutateremka kuyapokea, na kifuani hatutavaa kitu.