Fahali Wawili, Meza Moja

Mwaka 1999 mchezo wa puli ulipata mabingwa wawili wa dunia. Simaanishi bingwa wa wanaume na bingwa wa wanawake. Namaanisha wanaume wawili, katika mchezo uleule wa mipira tisa, mwaka uleule. Mmarekani Nick Varner alitawazwa mjini Alicante, Uhispania, na Shirikisho la Dunia la Puli na Biliadi, WPA. Mfilipino Efren Reyes naye alitawazwa mjini Cardiff, Wales, katika mashindano ya kampuni ya Uingereza iitwayo Matchroom, ambayo shirikisho halikuyatambua wakati huo. (Lakabu ya Reyes ni Bata. Mwanafunzi wa Kiswahili asicheke. Kwa Kitagalogi neno hilo lina maana ya mtoto.)

Aghalabu makala ya namna hii huanza kwa methali ya fahali wawili na nyasi. Methali naikubali, ila fahali hawa hawakulingana. Mmoja alikuwa na jina, mwenziwe alikuwa na fedha. WPA, iliyoundwa mwaka 1987, ilishika kanuni, vyama vya mataifa na haki ya kutamka nani bingwa wa dunia. Matchroom ilishika kamera za televisheni na wafadhili. Waliowahi kukaa katika chama chochote cha wanafunzi wanajua jinsi wenyeviti wawili wanavyong'ang'ania mhuri mmoja. Hapa mhuri ulikuwa kwa mmoja na hazina kwa mwingine. Hatimaye pande hizo zilipatana. Mwaka 2000 mashindano ya Cardiff yalikuwa ndiyo ya dunia, na baadaye jina la Reyes likaandikwa kando ya lile la Varner katika orodha ya mabingwa. Je, Reyes alikuwa bingwa siku alipoutumbukiza mpira wa mwisho, au siku karani alipochukua kalamu?

Haifai kuwadharau wenye mhuri. Ni kupitia mashirikisho ambapo puli iliingia katika Michezo ya Asia na, tangu mwaka 2001, katika Michezo ya Dunia. Tena mwandalizi asiye na wa kumwuliza swali ni hatari. Mwaka 2005 tajiri Mmarekani Kevin Trudeau, aliyejulikana kwa matangazo yake ya biashara katika televisheni, alianzisha msururu wa mashindano ulioitwa International Pool Tour. Aliahidi zawadi ambazo wachezaji wa puli hawakuwa wamezizoea. Mnamo Septemba 2006, mjini Reno, Nevada, mshindi aliahidiwa dola 500,000. Mshindi huyo alikuwa yuleyule Reyes. Mashindano yakamalizika, makofi yakapigwa, kisha wachezaji wakaarifiwa kwamba fedha za kuwalipa kwa wakati hazikuwapo. Walilipwa kidogo kidogo, na msururu wenyewe ukafa.

Kwa upande mwingine, mhuri peke yake haulishi mtu. Baada ya mashindano ya mwaka 2007 mwandalizi alijiondoa, na mwaka 2008 na 2009 hapakuwa na bingwa wa dunia wa mipira tisa hata mmoja, mpaka Qatar ilipoyapokea mashindano hayo mwaka 2010. Matchroom iliyarejesha mikononi mwake mwaka 2021, na mwaka 2023 ikaanzisha msururu wake, World Nineball Tour. Ugomvi ukafufuka. Kufikia mwaka 2024 shirikisho lilikuwa likiwatisha kwa adhabu ya kufungiwa wachezaji watakaoshiriki mashindano yasiyo na kibali chake.

Hapa ndipo ninapotofautiana nalo kabisa. Wachezaji wengi wa puli hujilipia nauli, malazi na hata ada ya kuingia mashindanoni. Mwezi Juni 2024, mjini Jeddah, Saudia, Fedor Gorst alitwaa dola 250,000 kwa kushinda ubingwa wa dunia. Kumwambia kijana wa Vietnam au Ufilipino achague kati ya riziki ya aina hiyo na bendera ya nchi yake ni kumwadhibu kwa kosa la watu wawili wasiosikizana. Kufungiwa kuwe kwa mdanganyifu na mla rushwa, si kwa mtu aliyekwenda kazini.

Kibali kingekuwa na maana lau kingetolewa kwa sharti moja zito: fedha zote za zawadi ziwekwe benki kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Sharti hilo lingewaokoa wachezaji wa Reno. Kisha wachezaji wawe na viti na kura katika vikao vinavyotoa kibali hicho, kwa sababu ndio pekee wanaopoteza pande zote mbili zinapogombana.

Wapo watakaosema kwamba mchezaji ana fimbo ya kushika na hana muda wa vikao. Wanawake wa Marekani hawakuliona hilo kuwa kikwazo. Waliunda chama chao cha wachezaji wa kulipwa mwaka 1976, na kuanzia mwaka 1993 wakaendesha msururu wao wenyewe wa mashindano, ukaonyeshwa katika televisheni, wakati wanaume wakiendelea kuvunja chama kimoja na kuunda kingine.